Kiraka Kibichi

Simu ya marehemu iliita saa nne asubuhi. Imani aliipokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umemshika mtoto aliyekuwa akinyonya.

"Habari za asubuhi. Naongea na ndugu Nassibu Mbonde?"

Ilikuwa sauti ya mwanamke, sauti ya ofisini, iliyozoea kupiga simu nyingi kwa siku. Imani alimtupia jicho mama yake, Bi Somoe, aliyekuwa kwenye kizingiti akichambua mchele, kisha akageukia ukuta.

"Huyo unayemtaka ana miezi minane kaburini," alisema. "Wewe nani, mwenzangu?"

Karatasi zikasikika zikipekuliwa upande wa pili. "Pole sana, dada. Hapa kwangu ameandikwa anaendelea vizuri."

"Kaandika nani?"

"Hospitali."

"Basi waambie hao hospitali waje Somanga wamjulie hali. Tutawaonyesha kaburi."

Angekata simu hapo, lakini yule mwanamke hakujitetea. Alisema anaitwa Brigita, ni muuguzi, na yumo katika timu ya ukaguzi. Hospitali tano zinazozibua mishipa ya moyo zilikuwa zinakaguliwa pamoja: nani alizibuliwa, kama ilikuwa lazima azibuliwe, kazi ilifanywaje, na kama mwaka mmoja baadaye mtu huyo bado anapumua. Jina la Nassibu lilikuwa kwenye orodha. Kwa kuwa amefariki, faili lake haliwezi kumalizwa kwa simu.

"Nitakuja mwenyewe keshokutwa, kama mtanipokea."

Imani aliirudisha simu juu ya kabati. Usoni alikuwa na kitu ambacho Bi Somoe hakuwa amekiona tangu siku ya msiba. Alikuwa anatabasamu.

"Wanakuja, mama. Barua tatu nimeandika, hakuna aliyejibu hata moja. Sasa wanakuja wenyewe, na safari hii wataandika kwa mkono wao kwamba wamemuua baba yangu."

Bi Somoe aliokota kijiwe ndani ya ungo, akakitazama kana kwamba kina maandishi, akakitupa uani. "Waje," alisema. "Nyumba haina mlango wa kumfungia mtu."


Kiti cha mgeni kiliazimwa kwa jirani. Kilikuwa cha plastiki, cha bluu, na jirani alipita mara mbili kabla ya mgeni kufika, akisingizia kutafuta kuku, kumbe anakiangalia kiti chake.

Nyumba ilikuwa hatua thelathini tu kutoka barabara kuu iendayo Lindi. Mbele yake lilisimama banda la makuti na tairi kuukuu lililofukiwa nusu ardhini, lenye maandishi ya rangi nyeupe: NASSIBU PANCHA, UPEPO BURE. Miaka thelathini mtu yule aliziba mipira ya malori mahali pale. Kifua kilipomkaba wakampeleka Dar es Salaam, na shamba la mikorosho likauzwa. Madaktari wakapitisha mrija mkononi mwake hadi moyoni, wakauzibua mshipa ulioziba na kuuwekea kispringi kidogo cha waya ili usizibe tena. Aliporudi aliwaambia madereva: "Hata mimi nimezibuliwa, jamani. Sasa natembea na waranti." Madereva walicheka, wakampigia honi.

Brigita alifika saa saba mchana, na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mnene kiasi, mwenye viatu vya raba. Alipiga goti kidogo mbele ya Bi Somoe. "Shikamoo, mama. Poleni na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Karibu ukae."

Alikaa, akafungua mkoba, akatoa karatasi nyingi kuliko walivyotegemea. Imani aliketi kwenye mkeka mbele yake, mgongo umenyooka, kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.

"Nitaanza na maswali ya nyumba," Brigita alisema, na sauti ikamshuka. "Sakafu ni ya nini?"

"Si unaiona?"

"Lazima niulize, dada."

"Udongo."

"Choo?"

"Cha shimo."

"Mna televisheni?"

"Ilikuwepo."

"Na sasa?"

"Ilikwenda na moyo," Imani alisema. "Haya yote yanahusiana nini na baba?"

"Wanataka kulinganisha. Wanataka kujua kama maskini wanakufa zaidi kuliko matajiri kwa kispringi kilekile."

"Basi andika maskini, upite."

Bi Somoe, aliyekuwa amempakata mtoto, alivuta upindo wa kanga akafunika mahali mkeka ulipotoboka. Brigita aliona, akajifanya anatafuta kalamu.

Maswali ya moyo yalipoanza, Imani aliyajibu kabla hayajaisha. Ndiyo, ni yeye aliyetia sahihi, kwa kuwa ndiye aliyesoma hadi kidato cha nne. Alielezwa? Daktari alizungumza naye Kiingereza. "Nikamwambia, daktari, nasikia kidogo tu. Akarudia yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, kama vile mimi ni kiziwi. Nikatia sahihi. Ungefanyaje, na mtu wako amelala pale na mrija puani?"

"Na siku ya kuruhusiwa? Kuhusu dawa?"

"Nesi mmoja. Alikuwa amesimama, mguu mmoja nje. Akampa baba mfuko, akasema hii dawa ya kufanya damu iwe nyepesi, kila siku saa moja jioni. Basi. Akaita jina lingine."

Brigita aligeuza karatasi akamwonyesha kisanduku chenye alama ya vema. Mbele yake palikuwa pameandikwa kwamba elimu ya dawa imetolewa na mgonjwa ameelewa. "Faili zote za hospitali hii zina vema hili. Kalamu ileile, mkono uleule. Nadhani walikaa siku moja wakaziweka zote." Hakutakiwa kusema hilo. Alilisema.

"Unaona, mama?" Imani alimgeukia mama yake. "Unaona watu hawa?"

"Naona."

"Swali linalofuata," Brigita alisema. "Mzee alitumia dawa kila siku?"

Mkono wa Bi Somoe, uliokuwa ukimpigapiga mtoto mgongoni, ulisimama.

"Kila siku," Imani alisema. "Hapo hamna pa kutokea. Ngoja." Aliinuka, akaichukua simu ya batani juu ya kabati, akabonyeza. Sauti yake mwenyewe ikatoka, changa, ya utani: *Baba, dawa. Baba, dawa. Usijifanye husikii.*

"Nilirekodi mimi nilipokuja hapa kujifungua, nikaweka iwe inalia saa moja kila jioni. Nilipozaa nikawa chumba cha ndani na kichanga, sitoki. Saa moja simu inalia, na baba anaijibu kutoka hapa ukumbini. 'Tayari, mwanangu.' Kila siku! Hata jioni ile ya mwisho, nimemsikia kwa masikio yangu haya. Alfajiri akafa. Kwa hiyo usiniulize kama alikunywa. Waulize wao walimwekea waya gani."

Brigita aliandika maneno yale kama yalivyo. "Vidonge vilivyobaki vipo? Natakiwa kuvihesabu."

"Mama?"

"Sijui viliko," Bi Somoe alisema. "Msiba ulikuwa na watu wengi."

Brigita alimtazama mara moja, akatazama karatasi. Aliuliza kama nakala za zile barua tatu zinaweza kupatikana. Imani alikwishasimama. Kulikuwa na duka la kutoa nakala karibu na stendi, na kwa ushahidi huo angeweza kwenda hata Nangurukuru kwa miguu.

"Nishikie mumeo, mama," alisema mlangoni.

"Huyu mume hanisumbui kama yule wa kwanza," Bi Somoe alimjibu, na Imani akatoka akicheka. Mtoto alikuwa amepewa jina la babu yake, na bibi alimwita mume wangu tangu siku ya kwanza.


Brigita aliiweka kalamu chini.

"Mama, mimi nimezaliwa Kitangari, huku huku kusini. Bibi yangu alikuwa mkunga. Hapa nimekuja na karatasi, lakini siyo polisi."

Bi Somoe alimweka mtoto vizuri pajani.

"Hospitali tano tumezipa namba, ili tusioneane haya. Ya mzee ni namba nne. Siku wagonjwa wa namba nne wanapotoka chumba cha kuzibulia, wako vizuri kuliko wa hospitali zote. Picha zao nimeziona. Ya mzee pia nimeiona, mshipa umefunguka kama barabara. Kazi ilikuwa safi, mama. Halafu mwezi wa pili, wa tatu, wanaanza kufa. Saba mpaka sasa. Na kila nyumba ninayoingia naambiwa alikunywa dawa kila siku."

"Kama wamesema hivyo, ndivyo."

"Ikiwa ndivyo, basi vispringi ni vibovu. Tutaandika hivyo, watatafuta kampuni nyingine. Lakini ikiwa sivyo, watabadilisha waya bure, na wa nane atakufa, na wa tisa."

Lori lilipita barabarani, likapiga honi mbele ya banda kwa mazoea. Dereva labda hakujua bado. Bi Somoe alisubiri mlio upotee.

"Huyo wa nane," alisema, "ni wa wapi?"

"Simjui. Lakini yupo mmoja wa Kilwa Kisiwani aliyeruhusiwa juma lililopita. Ana watoto wadogo."

Bi Somoe alimtazama mjukuu wake aliyelala mdomo wazi. Kisha akasimama, akamweka mikononi mwa mgeni, akatoka kwenda kwenye banda. Alirudi na kopo la solusheni, ile gundi ya kuzibia pancha, tupu, kifuniko kimefungwa kwa mpira mweusi. Alikaa akalifungua. Ndani mlikuwa na kipande cha kanga, na ndani ya kanga, vidonge.

Brigita alimlaza mtoto kwenye mkeka akavihesabu kwa ncha ya kidole. Thelathini na tisa. Thelathini na nane vilikuwa ndani ya pakiti zake. Kimoja kilikuwa peke yake, kimeyeyuka ubavu.

"Vingetakiwa kubaki ishirini na saba," alisema. "Kumi na viwili vimezidi. Aliacha siku ya ngapi?"

"Siku Imani aliposhikwa uchungu."

Alisimulia akiwa ameinamisha kichwa, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani. Mimba ya kwanza ya Imani ilitoka na damu. Godoro walilichoma moto, na yeye nusura aende nalo. Hii ya pili akaja kujifungulia kwao, nyumba nzima ikiwa na hofu. Jioni uchungu ulipoanza, Imani akiwa chumba cha ndani, ukumbi ulikuwa umejaa wanawake. Simu ikalia: Baba, dawa. Nassibu akatia kidonge mdomoni. Shangazi yake Imani akauliza, kaka, hiyo dawa ya nini? Naye, kwa majivuno, akajibu alivyoambiwa na nesi: ya kufanya damu iwe nyepesi, isigande.

"Wifi yangu alishika kichwa. Akasema, binti yako yuko kwenye uchungu, damu yake inataka kushikwa, na wewe baba mtu unaifanya yako maji? Damu ya nyumba si moja? Unataka amwagike tena?"

"Hata kwetu wanasema," Brigita alisema taratibu. "Bibi yangu alikuwa hamruhusu baba wa mzazi achinje hata kuku mpaka kitovu kidondoke."

"Basi unajua. Nassibu hakubishana. Alikitema." Bi Somoe alikigusa kile kilichoyeyuka ubavu. "Hiki hapa. Akakitema kiganjani, mbele ya watu, nao wakaapa kutomwambia mzazi, akavikusanya vyote akavifunga. Akaniambia, mama Imani, ni arobaini tu. Arobaini ikitoka naendelea. Mbona tairi hukaa msimu mzima bila kuguswa."

"Na dada Imani?"

"Alijifungua salama. Hakumwaga hata kikombe. Baba yake alicheka jioni ile! Akaniambia, umeona? Umeona?" Alipitisha upindo wa kanga puani. "Simu ikilia akawa anaijibu, tayari mwanangu, ili mzazi asishtuke maziwa yakakauka. Mimi namletea maji, anakunywa maji matupu. Siku kumi na mbili nimemletea maji matupu."

"Hamkuambiwa asiache?"

"Tuliambiwa kila siku. Maji ya kunywa pia walituambia kila siku, na mboga za majani kila siku. Mtu hafi akiacha mchicha."

"Hamkuambiwa kwa nini?"

"Kwa nini, nini?"

Ndipo Brigita alipomweleza, kwa Kiswahili cha nyumbani. Kile kispringi ni chuma, kigeni mwilini. Ngozi ya mshipa inachukua miezi mingi kukifunika. Kabla haijakifunika, damu ikikipitia inataka kuganda juu yake, na ikiganda, mshipa unaziba ghafla kuliko ulivyoziba mwanzo. Dawa ndiyo inayoizuia mpaka ngozi ishike.

Bi Somoe alisikiliza hadi mwisho. Kisha akalishika lile kopo, akalizungusha polepole.

"Kama kiraka," alisema.

"Ndiyo, mama. Kama kiraka."

"Kiraka kibichi." Sauti yake ilianza kupanda. "Solusheni haijashika. Mtu huyu aligombana na madereva miaka thelathini kwa sababu ya kiraka kibichi. Hawa wanaharakishwa na safari, nao wanasema, mzee, jaza upepo twende. Naye anaukalia mpira kwa matako, anawaambia, kiraka kibichi hakitiwi upepo, mtakufa njiani. Wanamtukana, hanyanyuki. Mngemwambia neno hilo moja tu. Mzee Nassibu, umewekewa kiraka kibichi. Asingeacha! Wifi yangu angelia mpaka kesho, asingeacha. Angeelewa kuliko huyo daktari wenu."

Brigita alizitazama karatasi zake. Katika miezi mitano ya ukaguzi alikuwa amesoma faili mia tatu na kumi, na hakuna hata moja lililomwambia marehemu alifanya kazi gani. Hakukuwa na kisanduku chake.

Aliokota kalamu. "Karatasi inauliza mambo mawili, mama. Kama dawa iliachwa, na kwa nini. Nitaandika: iliachwa nyumbani siku kumi na mbili, mgonjwa na familia hawakuelezwa hatari yake."

"Na Imani?"

"Haiulizi jina la mtu."

"Imani asijue." Bi Somoe alimshika mkono, mkono mkavu, wenye nguvu. "Nakuomba kwa Mungu wako na wangu. Akijua baba yake aliacha kwa ajili yake, huyu mtoto hatamtazama. Kila akimwogesha atakuwa anaosha kifo. Mzigo huu una mtu wake tayari."

"Sitasema, mama."

Kivuli kikaingia mlangoni. Imani alikuwa amerudi, nakala zikiwa kifuani, jasho likimtoka kwa haraka. Alitazama mkeka: kopo la baba yake, kanga ya mama yake, vidonge vimepangwa kumi kumi.

"Hivyo ni nini?"


Brigita alifungua mdomo. Bi Somoe alimkanyaga mguu.

"Dawa za baba yako," alisema.

Imani alichuchumaa, akaichukua pakiti moja akaisoma. Alizijua, ni yeye aliyezibeba kwenye basi kutoka Dar. "Nyingi hivi?" Aliigeuza upande wa pili. "Mbona nyingi hivi, mama? Baba alikuwa anakunywa."

"Hakunywa."

"Nilimsikia."

"Ulimsikia akijibu."

"Baba hakuwa mwongo." Alimgeukia Brigita. "Andika hilo. Baba yangu hakuwa mwongo. Kama alisema tayari, alikunywa kitu."

Mtoto aliamka akaanza kunung'unika. Katika muda ule mfupi, kabla kilio hakijakua, Bi Somoe alitafuta pa kupita akakuta njia moja tu, na binti yake mwenyewe ndiye aliyemfungulia.

"Alikunywa panado," alisema.

"Nini?"

"Dawa zilimchafua tumbo. Alikuwa anatapika usiku, wewe umelala. Nikaona anakwisha. Nikazificha, nikawa nampa panado, nazo nyeupe. Hakujua. Alisema tayari kwa moyo mweupe."

"Mama."

"Mimi, Imani. Baba yako hakusema uongo."

Brigita aliinua kichwa. "Mama, siyo lazima..." Bi Somoe alimtazama, na jicho lile lilikuwa limeshafunga mlango. Brigita akainamia karatasi zake, na herufi zikamchezea.

Imani hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha Bi Somoe. Tangu utotoni binti yule alikuwa wa kelele: akilia kijiji kinajua, akicheka kijiji kinajua. Sasa alikusanya nakala za barua zake tatu, akazikunja mara mbili, kisha mara nne.

"Barua tatu," alisema. "Nimewaita wauaji, kwa jina langu na sahihi yangu. Na wewe umekaa hapo unachambua mchele. Ulinipa hela ya stempu, mama."

"Nilikupa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje?"

"Ulimpa baba panado." Alilisema polepole, kama mtoto anayejifunza neno jipya. "Mtu ana waya moyoni, shamba limekwenda, televisheni imekwenda, nimepiga magoti kwa watu Dar nisiowajua, na wewe ukampa panado."

"Dada Imani," Brigita alisema, "hospitali ina kosa lake hapa. Hamkuelezwa. Nimeandika hivyo, na nitasimama nalo."

"Hakuelezwa nani? Kila siku ni kila siku, hata mbuzi angeelewa." Alimnyanyua mtoto, akamweka mgongoni, akamfunga kwa kanga. Fundo lilimshinda mara mbili. "Mume wangu Hussen ananiita Milola tangu mfungo uishe. Nilikuwa namwambia siwezi kumwacha mama peke yake."

"Kula kwanza, basi. Wali uko tayari."

"Nisije nikakukosea adabu, mama. Acha niende."

Aliingia chumbani, akatoka na begi. Simu ya baba yake ilikuwa juu ya kabati. Aliishika, akaitazama, akairudisha palepale. Mlangoni mtoto aligeuza shingo, akamnyooshea bibi yake mkono kama alivyozoea kila asubuhi, na Bi Somoe hakuupokea, kwa kuwa angeupokea asingeuachia.


Walisimama kando ya barabara pamoja, wakisubiri mabasi ya pande mbili tofauti. Wauza samaki wa kukaanga walikimbilia kila gari lililopunguza mwendo, sinia kichwani. Imani alikuwa kama hawaoni.

"Umeandika jina lake?" aliuliza.

"Karatasi haiulizi jina."

"Inauliza nini sasa, hiyo karatasi yenu? Inauliza choo."

Brigita alikunja mkanda wa mkoba wake. Maneno yalikuwa yamemfika kooni. Baba yako alijua. Baba yako alichagua, na alicheka. Alimtazama mtoto mgongoni, macho makubwa, mate kidevuni, mzima wa afya, na akayameza. "Mama yako anakupenda," alisema, na palepale akaona aibu, kwa sababu lilikuwa neno la mtu asiye na la kusema.

"Na baba alimpenda yeye," Imani alijibu. "Imemsaidia nini?"

Basi la Lindi lilitangulia. Alipanda bila kuaga.

Mwezi uliofuata Brigita angesimama mbele ya madaktari wa hospitali zote tano, kwenye chumba chenye kiyoyozi, akawaambia kwamba kazi ya namba nne ni safi na wagonjwa wake wanakufa kwa sentensi moja isiyosemwa. Angepigania karatasi mpya ya kuruhusu wagonjwa, yenye swali juu kabisa: mgonjwa anafanya kazi gani? Mtu mmoja angeuliza swali hilo linahusiana nini na moyo. Lakini jioni ile alilipia siti ya dirishani, akalia mpaka Ikwiriri.


Jirani alikuja kuchukua kiti chake. Alikikagua miguu yote minne. "Wageni wameondoka mapema," alisema. "Na Imani naona kabeba begi."

"Kamfuata mumewe."

"Vizuri. Ndoa ni kukaa na mwenzio. Na wewe utapumzika na kelele."

"Nitapumzika."

Bi Somoe alipakua wali sahani mbili kwa mazoea, akairudisha moja chunguni. Alivifunga vidonge vilevile kama alivyovifunga mumewe, kile kilichoyeyuka ubavu kikiwa peke yake, akalifunika kopo na kuuvuta ule mpira mweusi juu yake. Alikwenda kuliweka mahali pake bandani, kati ya makopo mengine. Barabara ilikuwa tupu. Aliketi kidogo juu ya lile tairi lililofukiwa nusu, mahali alipokalia mtu wake, akaona jinsi lilivyolika kwa kukaliwa.

Aliporudi ukumbini ilikuwa saa moja.

*Baba, dawa. Baba, dawa. Usijifanye husikii.*

Miezi minane, kila jioni, alikuwa akiikimbilia simu ile na kubonyeza kitufe chochote, haraka, Imani asianze kulia upya. Leo hakuikimbilia. Sauti ile ilirekodiwa kabla ya mambo yote. Ilikuwa ya msichana mwenye tumbo kubwa, anayemtania baba yake, asiyemchukia mtu yeyote duniani, na ndiyo sauti pekee ya binti yake iliyobaki ndani ya nyumba. Aliketi chini ya kabati, mgongo ukutani, akaiacha iseme.

*Baba, dawa. Baba, dawa. Usijifanye husikii.*

Ilisema mara ya tatu, na ya nne. Bi Somoe alijimiminia maji kikombeni, akayanywa yote.

"Tayari, mwanangu," alijibu.